Kupima kiribatumbo shuleni Dar es Salaam: namna ya kulinganisha wavulana na wasichana mwaka hadi mwaka

Chukua watoto wawili wa miaka 10 kamili, mvulana na msichana, wanaosoma shule moja ya Sinza. Wote wawili wana BMI (uzito ukilinganishwa na urefu, hesabu yake iko mbele) ya 22. Kwa jedwali la Shirika la Afya Duniani (WHO) la mwaka 2007, mvulana ana kiribatumbo (unene uliokithiri), kwa sababu mstari wake, yaani BMI ambayo kiribatumbo huanzia, uko 21.4. Msichana hana, kwa sababu mstari wake uko 22.6, hivyo ataandikwa kwenye uzito uliozidi tu. Ukihamia kwenye mistari ya IOTF (kikosi kazi cha kimataifa cha kiribatumbo) iliyotolewa mwaka 2000, ambako kiribatumbo kwa umri huo huanzia 24.00 kwa mvulana na 24.11 kwa msichana, wote wawili wanaangukia uzito uliozidi. Na ukichukua mistari ya watu wazima, 25 na 30, wote wako sawasawa, hakuna wa kufuatiliwa. Watoto walewale, mizani ileile, majibu matatu.

Kwa hiyo mwalimu wa afya, muuguzi wa shule au afisa lishe wa manispaa anayetaka kujua kama kiribatumbo kinawapanda wasichana kuliko wavulana, aamue kanuni zake kabla hajanunua mizani, aziandike, na asizibadilishe katikati ya safari. Sehemu kubwa ya "tofauti" zinazotangazwa kati ya jinsia hizi mbili hutokana na jedwali, sare za shule, nywele au umri, si watoto wenyewe.

Takwimu za dunia zinasema nini, na kwa nini usizihamishie Temeke

Hesabu zinazonukuliwa zaidi ni za mtandao wa watafiti uitwao NCD-RisC. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 duniani, mwaka 1990 kiribatumbo kilikuwa asilimia 1.7 kwa wasichana na 2.1 kwa wavulana. Mwaka 2022 kilifika asilimia 6.9 na 9.3, yaani wasichana milioni 65 na wavulana milioni 94. Sasa jiulize, pengo limekua kiasi gani? Ukitoa, lilikuwa pointi 0.4, sasa ni pointi 2.4, limekua mara sita. Ukigawanya, wavulana walikuwa mara 1.24 ya wasichana, sasa ni mara 1.35, mabadiliko madogo tu. Majibu yote mawili ni sahihi. Tatizo ni mtu anayechagua lile linalotisha zaidi na kulificha la pili. Katika ripoti yako andika yote mawili kila mara, pamoja na asilimia zenyewe.

Hesabu hizo zimetumia jedwali la WHO, lile ambalo mstari wake wa kiribatumbo kwa wavulana uko chini kuliko wa wasichana. Sehemu ya pengo la dunia inatoka hapo.

Kusini mwa Jangwa la Sahara mambo mara nyingi hugeuka: wasichana ndio wanaotangulia kwa uzito uliozidi, hasa baada ya kubalehe, na Afrika Kusini ndiyo mfano unaofahamika zaidi. Kwetu, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Mtoto wa kike wa Mbagala au Kawe anakulia katika mji ambao mama na mashangazi zake wengi wako kwenye kundi hilo. Hivyo usitegemee kwamba wavulana wa shule yako lazima wawe juu kwa sababu dunia inasema hivyo.

Kuchagua mistari

Ushauri wetu: tumia WHO 2007 kama kipimo kikuu kwa miaka 5 hadi 19, na IOTF kama kipimo cha kuhakiki. WHO ndiyo inayotumika katika huduma za afya nchini, na programu yake ya kompyuta, WHO AnthroPlus, hupatikana bure. Katika jedwali hilo uzito uliozidi ni juu ya +1 SD na kiribatumbo ni juu ya +2 SD (SD ni kipimo cha umbali kutoka kiwango cha kati cha watoto wa umri na jinsia hiyo). Kwa umri kamili, mistari ya BMI ni hii:

Miaka 7: wavulana 17.0 na 19.0, wasichana 17.3 na 19.8.
Miaka 10: wavulana 18.5 na 21.4, wasichana 19.0 na 22.6.
Miaka 12: wavulana 19.9 na 23.6, wasichana 20.8 na 25.0.
Miaka 15: wavulana 22.7 na 27.0, wasichana 23.5 na 28.2.

Namba ya kwanza ni uzito uliozidi, ya pili ni kiribatumbo. Kati ya umri huo mistari hupanda mwezi kwa mwezi, kwa hiyo usimkadirie mtoto wa miaka 11 na miezi 4 kwa jicho. Ingiza tarehe kwenye programu.

IOTF hulegeza mistari kwa jinsia zote na kuikaribisha. Kwa miaka 12, kwa mfano, kiribatumbo huanzia 26.02 kwa wavulana na 26.67 kwa wasichana. Jedwali hilo lilitengenezwa kwa takwimu za nchi sita (Brazil, Uingereza, Hong Kong, Uholanzi, Singapore na Marekani), ilhali la WHO liliunganisha takwimu za zamani za watoto wa Marekani na viwango vya watoto wadogo vya mwaka 2006.

Kutoka hapo unapata kanuni ya kazi ambayo wengi huiruka. Ikiwa wasichana wako juu ya wavulana kwa jedwali la WHO, matokeo hayo yana nguvu, maana jedwali lenyewe linawabana wavulana zaidi na bado wasichana wamezidi. Ikiwa wavulana ndio walio juu, usitangaze kabla hujahesabu upya kwa IOTF. Pengo likitoweka, umepima jedwali.

Watoto wa chekechea walio chini ya miaka mitano wana kanuni yao: uzito kwa urefu, ambapo uzito uliozidi ni juu ya +2 SD na kiribatumbo juu ya +3 SD. Usiwachanganye na darasa la kwanza kwenye chati moja, utaona "ongezeko" kubwa la ghafla kwa sababu tu mstari umeshushwa.

Vifaa

Mizani iwe ya kidijitali, yenye uwezo wa kilo 150 na inayosoma hadi gramu 100. Ile ya bafuni yenye mshale iache nyumbani. Iweke kwenye saruji au vigae, si kwenye zulia, mkeka wala mchanga wa uwanjani. Ikiyumba hata kidogo, haifai hapo. Ihakiki kila asubuhi na kila baada ya watoto 50 hivi kwa mawe ya mizani yenye mhuri wa Wakala wa Vipimo, ambayo mwenye duka jirani anaweza kukuazima. Pima kilo 10, kisha 20. Ikitofautiana kwa zaidi ya gramu 100, badilisha betri, hamisha sehemu, jaribu tena. Usisahihishe kichwani kwa kusema "inazidisha nusu kilo".

Kipima urefu cha kununua ni kizuri, lakini fundi seremala anaweza kukutengenezea ubao unaofaa: ubao mnyoofu wa mita 2, kitako cha sentimita 40 kwa 40, na kipande cha kichwa kinachoteleza huku kikibaki pembe mraba. Bandika futi ya chuma. Futi ya fundi cherehani huvutika, na baada ya mwaka mmoja haiko sawa na ilivyokuwa, jambo baya sana kwa mtu anayetaka kulinganisha miaka. Kwenye futi ya chuma, ile ndoano ya mwanzoni hucheza kwa milimita moja au mbili, kwa hiyo anzia alama ya sentimita 10, ilingane na sentimita 10 halisi kutoka kwenye kitako. Kata fimbo ya sentimita 120 kamili, uitunze, uitumie kuhakiki ubao kila mwaka.

Usipime ukutani moja kwa moja. Madarasa mengi yana ukingo wa saruji chini ya ukuta unaomsukuma kisigino mtoto mbele, na mgongo ukibaki nyuma mtoto hujiinamisha bila kujua.

Siku ya kupima

Chagua wiki zilezile kila mwaka. Kwa Dar es Salaam tunapendekeza mwisho wa Julai hadi katikati ya Agosti. Masika, Machi hadi Mei, mahudhurio huyumba maji ya mvua yakijaa bonde la Jangwani na njia zikikatika. Septemba darasa la saba wana mtihani wa taifa. Januari watoto wametoka likizo na sikukuu. Mwezi wa Ramadhani, ambao husogea nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka, hautafika Julai wala Agosti hadi miaka ya 2040, kwa hiyo mfululizo wako utakaa salama. Ukipima mwaka mmoja katikati ya mfungo na mwaka mwingine baada ya Idi, umejitengenezea mabadiliko.

Anza saa mbili asubuhi, maliza kabla ya saa nne, watoto hawajanywa chai. Waende kwanza chooni.

Sasa sare. Mtoto avue viatu, soksi, sweta na mkanda, atoe funguo na sarafu mfukoni. (Kipupwe kikikolea, masweta huwa mengi, tenga benchi la kuyawekea.) Kinachobaki mwilini bado hakilingani: sketi ya malinda, blauzi na hijabu si uzito mmoja na kaptura na shati. Pima sare tano za kila saizi kwa kila jinsia, kavu, chukua wastani, na utoe kwa kila mtoto. Kosa la kawaida ni kutoa gramu sawa kwa wote, na hilo huwaongezea uzito wale wenye nguo nzito. Shule ikibadilisha sare, pima upya.

Nywele ni kosa jingine linaloegemea upande mmoja. Shule nyingi za serikali watoto hunyoa, wavulana na wasichana, hivyo hakuna shida. Katika shule binafsi zinazoruhusu kusuka, rundo la nywele utosini linaweza kuongeza sentimita mbili. Msichana wa miaka 10 mwenye kilo 41.0 na urefu halisi wa sentimita 134 ana BMI ya 22.8, yaani amevuka mstari wa 22.6. Mwandike sentimita 136 na BMI inashuka hadi 22.2, kiribatumbo kimeyeyuka. Wape wazazi taarifa wiki moja kabla: siku ya kupimwa nywele ziwe zimesukwa za kulala, au zimefungwa kisogoni chini. Asiyeweza kufumua, bonyeza kichwa cha ubao hadi kiguse fuvu. Ikishindikana, andika "nywele" kwenye safu ya maelezo ili ujue ni wangapi.

Kwa urefu, mtoto asimame visigino vimegusana na kitako cha ubao, magoti yamenyooka, mikono imelegea. Visigino, makalio, mabega na kisogo viguse ubao ikiwezekana. Mtoto mnene mara nyingi hawezi kugusa vyote bila kuinua kidevu, na usimlazimishe. Makalio yaguse, kiwiliwili kisimame wima, kichwa kiwe sawa. Kichwa kiko sawa pale tundu la sikio na ukingo wa chini wa tundu la jicho vinapokuwa usawa mmoja wa mlalo. Mwambie avute pumzi, shusha kipande cha kichwa, soma macho yako yakiwa usawa wa alama. Mpimaji mfupi apande kigoda. Akisoma kutoka chini anamrefusha mtoto.

Mtoto ashuke kabisa, asimame tena, apimwe mara ya pili. Urefu ukitofautiana kwa zaidi ya sentimita 0.5, pima mara ya tatu na uchukue wastani wa mbili zilizokaribiana. Hii si ushupavu. Kwa mtoto wa sentimita 140 na kilo 41.2, sentimita moja tu hubadili BMI kutoka 21.0 hadi 20.7. Na kama mpimaji wa wasichana ni mmoja na wa wavulana ni mwingine, kila mmoja na tabia yake ya mkono, tofauti ya wapimaji itaonekana kama tofauti ya jinsia. Kabla ya kuanza, wapimaji wote wapime watoto kumi walewale na walinganishe. Wakipishana kwa wastani wa zaidi ya sentimita 0.5, warudi mazoezini.

Chumba kiwe na pazia. Wasichana wapimwe na mwanamke. Namba isitamkwe kwa sauti. Mpimaji aonyeshe kwa mwandishi, na kioo cha mizani kisielekee foleni. Mtoto akishaitwa "bonge" au "tipwatipwa" siku hiyo, jina litamfuata hadi kidato cha nne, na mwakani hatakuja. Hilo la mwisho linaharibu takwimu pia, kama tutakavyoona.

Umri

Darasa si umri. Katika darasa la sita utakuta mtoto wa miaka 11 na aliyekariri wa miaka 14. Kama wavulana waliokariri ni wengi kuliko wasichana, ukilinganisha darasa kwa darasa unalinganisha watoto wakubwa na wadogo. Chukua tarehe ya kuzaliwa kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA au kadi ya kliniki. Fomu ya kujiunga na shule ifuate mwisho, maana wazazi wengine hukadiria ili mtoto apokelewe. Angalia kama tarehe 1 Januari au 1 Julai zimejaa kupita kiasi, ni dalili ya kukadiria. Mtoto asiyejulikana hata mwaka aliozaliwa apimwe kama wenzake, asijisikie ametengwa, ila asiingie kwenye hesabu.

Hesabu

BMI ni kilo kugawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kilo 41.0 na mita 1.34: 1.34 mara 1.34 ni 1.7956, 41.0 kugawa kwa 1.7956 ni 22.8. Ingiza jinsia, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kupima, uzito na urefu kwenye AnthroPlus, nayo itakupa alama ya z kwa kila mtoto, yaani yuko SD ngapi juu au chini ya kiwango cha kati. Alama iliyo chini ya -5 au juu ya +5 karibu kila mara ni kosa la kuandika: kwa mfano urefu 114 badala ya 141. Rudi kwenye karatasi kabla ya kufuta. Kosa la jinsia iliyogeuzwa ni la kutazamwa zaidi, maana halitoi alama ya ajabu. Linamhamisha mtoto kimyakimya. Majina kama Baraka, Neema au Salama yasikudanganye, hakikisha kwa daftari la mahudhurio.

Kisha panga kwa umri wa mwaka mmoja mmoja, jinsia mbili kando kwa kando. Usiruke hatua hii kwenda kwenye jumla. Kasi kubwa ya kurefuka huja kwa wasichana wakiwa na miaka kama 12, kwa wavulana kama 14. Wasichana wa miaka 11 wengi wameshaanza kujaza mwili ilhali wavulana bado. Kwa miaka 15 wavulana wanaongeza misuli, ambayo BMI haiitofautishi na mafuta. Pengo la miaka 8 na pengo la miaka 14 ni vitu viwili, yanaweza hata kuelekea pande tofauti, na ukiyajumlisha yanaweza kufutana na kutoa sifuri isiyomaanisha chochote.

Kulinganisha miaka bila kujidanganya

Mtego mkubwa ni mchanganyiko wa umri. Tuseme kiribatumbo kwa wasichana ni asilimia 8 kwa miaka 10 hadi 12, na asilimia 14 kwa miaka 13 hadi 15, na hakijabadilika hata kidogo. Mwaka wa kwanza ulipima wadogo 200 na wakubwa 100: wenye kiribatumbo 16 na 14, jumla 30 kati ya 300, asilimia 10. Miaka mitatu baadaye umepima wadogo 100 na wakubwa 200: 8 na 28, jumla 36, asilimia 12. Pointi mbili zimeongezeka na hakuna mtoto aliyenenepa. Dawa yake ni mizani ya umri isiyobadilika: amua mapema kwamba kila kundi la umri linachangia nusu ya hesabu, kila mwaka, kila jinsia. Kwa mfano huu utapata asilimia 11 miaka yote miwili.

Fanya vivyo hivyo kwa aina ya shule. Mwaka wa kwanza shule nne za serikali Temeke, mwaka wa tatu ukaongeza mbili za binafsi za Masaki: hapo hakuna mfululizo tena. Shule mpya zihesabiwe pembeni.

Halafu bahati nasibu. Tuseme umepima wavulana 300, 27 wana kiribatumbo, asilimia 9. Wasichana 300, 36 wana kiribatumbo, asilimia 12. Pengo ni pointi 3. Ukubwa wa kuyumba kwake unapatikana hivi: zidisha 0.09 kwa 0.91, gawa kwa 300, zidisha 0.12 kwa 0.88, gawa kwa 300. Jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Unapata 0.025, yaani pointi 2.5. Zidisha kwa 1.96: pointi 4.9. Kwa hiyo pengo halisi linaweza kuwa popote kati ya -1.9 na 7.9, na sifuri imo ndani. Kwa asilimia zilezile lakini watoto 1,200 kila upande, kuyumba kunapungua hadi pointi 2.5 hivi juu na chini, na pengo linakuwa kati ya 0.5 na 5.5. Hapo una la kusema.

Kudai kwamba pengo limepanuka kati ya miaka miwili ni kugumu zaidi, kwa sababu mayumbo mawili yanajumlishwa. Kwa watoto 300 kila upande, pengo lazima lisogee kama pointi 7 ndipo useme bila wasiwasi. Shule moja peke yake haiwezi kujibu swali hilo kwa miaka miwili mitatu. Shule kumi za kata kadhaa zinazopima kwa kanuni moja zinaweza. Kwa maoni yetu, ni heri kupima kila baada ya miaka mitatu kwa umakini kuliko kila mwaka kwa haraka.

Wasiopimwa nao wahesabiwe. Kwenye mfano wetu, tuseme waliostahili ni wasichana 340 na wavulana 310. Wasichana 40 hawakuja, wavulana 10. Robo ya wasichana hao wakiwa na kiribatumbo, na mvulana mmoja kati ya kumi, asilimia za kweli ni 13.5 na 9.0, na pengo limetoka pointi 3 hadi 4.5. Wasichana wa miaka 13 kwenda juu ndio hukwepa zaidi, na wanaokwepa mara nyingi ndio wazito. Andika idadi ya wasiopimwa kwa jinsia na umri, rudi siku ya pili kuwafuata, na weka namba hizo kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti.

Ukiona pengo, uliza nini

Namba hazisemi sababu. Ongeza dodoso fupi siku hiyohiyo: anakujaje shule na kwa dakika ngapi, siku ngapi kwa wiki amecheza hadi akatokwa jasho, anapewa hela ya shule kiasi gani na ananunua nini, soda au juisi ya pakiti ngapi kwa wiki na za ukubwa gani, analala saa ngapi na kuamka saa ngapi. Ukubwa wa chupa usiuache: soda ya kawaida ya mililita 350 ina sukari takriban gramu 37, kama vijiko tisa vya chai, na chupa ya nusu lita si "soda moja" ileile.

Michezo ndiyo hutofautisha jinsia kwa uwazi zaidi. WHO hupendekeza wastani wa dakika 60 kwa siku za mwendo wa kati au wa nguvu. Duniani mwaka 2016, asilimia 78 ya wavulana wa miaka 11 hadi 17 hawakufikia kiwango hicho, na asilimia 85 ya wasichana. Tangu 2001 wavulana walisogea kidogo, kutoka asilimia 80; wasichana hawakusogea. Mtaani sababu zinaonekana: jioni uwanja uliobaki Tandale au Buguruni ni wa chandimu, na wachezaji ni wavulana. Msichana wa umri huohuo yuko jikoni, au ameambiwa asitoke. Kuosha vyombo si kutokwa jasho, kwa hiyo swali la "kazi za nyumbani" peke yake halitakusaidia; uliza kama anachota maji, anabeba nini, anatembea umbali gani.

Kwa watoto wa basi la shule wanaotoka Goba au Tegeta alfajiri na kurudi magharibi, jinsia zote hukosa muda wa kucheza, na hapo pengo huwa dogo huku asilimia zenyewe zikiwa juu. Pengo dogo si habari njema peke yake.

Matokeo yanakwenda wapi

Mzazi apewe bahasha iliyofungwa yenye urefu, uzito na maelezo ya sentensi mbili. Hakuna orodha ubaoni, hakuna picha ya daftari kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Mtoto aliye juu ya +2 SD aelekezwe kituo cha afya chenye afisa lishe, akapimwe na shinikizo la damu. Aliye chini ya -2 SD aelekezwe vilevile, na katika shule nyingi hao watakuwepo dawati moja na wanene. Shule isimpe mtoto masharti ya kula. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taarifa za afya za mtoto ni nyeti: ridhaa ya mzazi iwe ya maandishi, na faili la uchambuzi libaki na namba bila majina. Ukitaka kuchapisha kama utafiti, kibali cha maadili kiombwe kabla ya kupima, na ruhusa ya halmashauri pia.

Kwenye faili la mwaka huu weka pia karatasi moja kwa ajili ya atakayepima mara ijayo: aina ya mizani na tarehe iliyohakikiwa, ile fimbo ya sentimita 120 imewekwa wapi, uzito wa sare uliotolewa kwa kila saizi na jinsia, wiki ya kupima, jedwali lililotumika na toleo la programu, mizani ya umri uliyoiamua, na idadi ya wasiopimwa. Weka namba ghafi za kilo na sentimita, si asilimia tu. Jedwali likibadilishwa siku moja, mwenye namba ghafi atahesabu upya miaka yote kwa mchana mmoja.